Fangasi isiyojulikana kwenye kinyama: namna ya kulifikia jina lake kwa kusoma DNA

Mgonjwa ana VVU, CD4 zimeshuka sana, na amejaa vipele usoni, kifuani na mikononi; vingine vimeshachimbika na kuwa vidonda. Picha ya kifua ina mabaka. Makohozi hayakuonyesha kitu, lakini ameanzishiwa dawa za TB kwa sababu dalili zote zinaelekea huko. Wiki zinapita, anazidi kudhoofu. Hatimaye anakatwa kinyama cha ngozi, yaani kipande kidogo cha kupima, na ripoti ya patholojia inarudi imeandikwa kwamba zimeonekana chembe ndogo za hamira (fangasi za seli moja moja, zisizo nyuzi), huenda ni histoplazima, fangasi inayojulikana kwa kushambulia wenye kinga dhaifu.

Mwaka 2013 madaktari wa Afrika Kusini walichapisha taarifa za watu 13 wenye VVU waliougua kwa sura hiyo hiyo. Chini ya hadubini ilikuwa vigumu kuitofautisha na histoplazima. Walipoisoma DNA yake wakakuta ni fangasi nyingine kabisa, ndugu wa zile zilizokuwa zikiitwa Emmonsia. Mwaka 2017 ikapewa jina la Emergomyces africanus. Mwaka 2019 ugonjwa wa kundi hilo ukaripotiwa kwa mgonjwa wa Uganda, kwa hiyo hatuwezi kusema ni jambo la Afrika Kusini peke yake.

Mwongozo huu ni kwa daktari anayekata kinyama, mtaalamu wa maabara anayekipokea, na yeyote anayesubiri jibu ili aandike dawa. Jambo ninalolisisitiza ni moja: mashine ya kusoma DNA haiwezi kurudisha kilichoharibiwa wodini. Majibu mengi yanayokosekana yalishapotea dakika kumi za kwanza baada ya kukata, pale nyama yote ilipodumbukizwa kwenye fomalini, dawa ya kuhifadhia nyama isioze.

1. Amua kama kipimo hiki kinahitajika

Fangasi nyingi tunazokutana nazo hazihitaji kusomwa DNA. Homa ya uti wa mgongo ya kriptokokasi ina kipimo cha utepe cha CrAg (kinachotafuta chembe za fangasi hiyo), ambacho ni cha haraka, cha bei nafuu na cha kuaminika. Utando mweupe mdomoni na mapunye ya watoto yanatambuliwa kwa macho tu, kisha yanatibiwa.

Fikiria kusoma DNA pale hadubini imeonyesha fangasi lakini kuotesha (kuikuza kwenye sahani ya maabara) hakukutoa kitu, au nyama yote imeshaingia fomalini na hakuna cha kuotesha. Fikiria pia pale fangasi imeota ila haitoi spora za kuitambulisha, au mashine ya maabara inatoa jina lenye mashaka. Candida auris ni mfano mzuri. Ilielezwa mara ya kwanza Japani mwaka 2009, kutoka sikioni mwa mgonjwa, na kwa miaka kadhaa mashine za kawaida za kutambua hamira ziliendelea kuiita Candida haemulonii au majina mengine. Ni DNA iliyoimaliza hiyo sintofahamu. Sababu ya mwisho ni mgonjwa anayepewa dawa sahihi kwa dozi sahihi na hapati nafuu.

Usipeleke makohozi wala swabu ya kidonda kilicho wazi kwa kipimo kinachotafuta fangasi zote kwa pamoja. Mdomo una fangasi zake, ngozi ina zake, hewa ina zake, na zote zitasomeka. Kipimo hiki kinataka sehemu ya mwili ambayo kwa kawaida haina vimelea: nyama ya ndani, maji ya uti wa mgongo, uboho, maji ya jicho, maji ya kwenye kiungo.

2. Andaa meza kabla ya kukata

Piga simu maabara kwanza. Waambie unashuku fangasi, uliza wanataka chombo gani na gari la sampuli linaondoka lini. Kisha panga vyombo vitatu mezani, viandikwe majina kabla mgonjwa hajalala.

Cha kwanza kina fomalini ya asilimia 10 kwa ajili ya patholojia. Cha pili ni chombo kisicho na vijidudu chenye matone machache ya salaini, kiasi cha kuzuia nyama isikauke. Hiki ni cha kuotesha. Cha tatu ni kichupa kidogo kikavu chenye kifuniko cha kuzungusha, hakijawahi kufunguliwa, na hiki ndicho cha DNA. Nyama ya kuotesha na nyama ya DNA zisiguse fomalini hata kidogo. Kibano kilichotoka kwenye chombo cha fomalini kisiingie kwenye vile viwili vingine, na kwa sababu hiyo nashauri chombo cha fomalini kifunguliwe mwisho.

Safisha ngozi kwa spiriti, uiache ikauke yenyewe. Tumia kitobozi cha milimita 4 hadi 6, chagua kipele kipya ambacho hakijachimbika, na uende chini hadi ufikie mafuta. Kama hali ya mgonjwa inaruhusu kutoboa mara moja tu, igawe ile nyama kwa urefu, juu hadi chini, ili kila nusu iwe na tabaka zote za ngozi. Nusu moja iende fomalini, nusu nyingine iende maabara ikiwa mbichi, nao wataigawa kati ya kuotesha na DNA.

Kwa mguu wa mycetoma (uvimbe sugu unaotoa punje), zile punje zinazotoka zenyewe kwenye matundu ya ngozi zimeshachanganyika na vijidudu vya nje. Punje nzuri ni ya ndani, iliyotolewa kwa upasuaji au kwa sindano, kisha ikasuuzwa mara kadhaa kwa salaini. Punje moja nyeusi, safi, yenye ukubwa wa kichwa cha pini, ina thamani kuliko chupa nzima ya usaha.

Damu ya kupima DNA iwekwe kwenye kichupa cha kifuniko cha zambarau. Usitumie cha kijani, kwa sababu heparini iliyomo inaizuia PCR, hatua ya kuzidisha kipande cha DNA ili kisomeke, na utapata jibu la "hakuna" ambalo si la kweli.

Nyama ya kuotesha ibaki kwenye joto la chumba na ifike maabara siku hiyo hiyo. Usiigandishe. Ya DNA inaweza kukaa kwenye friji hadi kesho yake, na kama safari ni ndefu igandishwe kwenye friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri au baridi zaidi, isafirishwe bila kuyeyuka.

3. Tazama kwa hadubini kabla ya kufikiria PCR

Hatua hii ni ya gharama ndogo na ndiyo inayorukwa kirahisi. Weka kipande kidogo kwenye KOH (kemikali inayoyeyusha nyama ili fangasi ionekane), au subiri rangi ya PAS au ya Grocott zinazopaka fangasi, halafu andika ulichoona kwa maneno kamili. Je, ni nyuzi au hamira? Nyuzi zina vizuizi ndani yake au hazina? Ni nyembamba zenye upana mmoja, au ni pana kama utepe uliokunjika? Hamira zina ukubwa gani, na zinachipuka vipi? Ziko ndani ya seli za mwili au nje?

Maelezo hayo ndiyo utakayoyatumia baadaye kulipima jina litakalotoka kwenye mashine. Ukiona nyuzi pana zisizo na vizuizi na mashine ikakuletea jina la Candida, kuna kitu hakijakaa sawa, na mara nyingi kosa liko kwenye uchafuzi wa sampuli. Kinyume chake, fangasi ikishaonekana ndani ya nyama ya ndani, na DNA yake ikasomwa kutoka nyama hiyo hiyo, ushahidi unakuwa mzito. Vigezo vya kimataifa vya kuthibitisha magonjwa ya fangasi, vya EORTC/MSGERC, vya mwaka 2020 vinaukubali muunganiko huo kuwa uthibitisho kamili wa ugonjwa, hata kama nyama ilitoka kwenye nta ambamo patholojia huihifadhi baada ya fomalini.

Nami naona maabara ina haki ya kukataa kusoma DNA ya nyama ambayo hakuna aliyeona fangasi ndani yake, isipokuwa daktari awe na sababu nzito. Nyama ya namna hiyo huleta majibu chanya ya uongo mengi kuliko ya kweli.

4. Jaza fomu kana kwamba msomaji hamjui mgonjwa, kwa sababu hamjui

Andika umri, hali ya VVU na CD4, kisukari, dawa za steroidi, na dawa zote za fangasi na za TB alizotumia pamoja na tarehe. Andika amewahi kuishi wapi na anafanya kazi gani. Mkulima aliyechomwa na mwiba miaka iliyopita na mchimbaji anayeingia kwenye mapango yenye popo hawatafutiwi fangasi zile zile.

Kama unashuku histoplazima au ndugu zake, andika kwa herufi kubwa juu ya fomu. Fangasi hizi zikiota kama ukungu kwenye sahani, spora zake zinarushwa hewani na zinaambukiza wahudumu wa maabara. Sahani zifungwe pembeni kwa utepe, zifunguliwe ndani ya kabati la usalama tu, na mtu yeyote asizinuse.

5. Kuitoa DNA

Ukuta wa seli ya fangasi umejengwa kwa kitini na glukani, na ni mgumu. Vifaa vya kutolea DNA vilivyotengenezwa kwa ajili ya damu vitafungua seli za mgonjwa vizuri na kuiacha fangasi ikiwa imefungwa. Kwa hiyo ongeza hatua ya kuvunja: shanga ndogo za kioo au za seramiki kwenye mashine ya kutikisa kwa kasi, au kimeng'enya cha kuyeyusha ukuta, au vyote viwili.

Nyama iliyokwisha kuingia kwenye nta bado inaweza kusomwa, ila matarajio yapungue. Fomalini inaikata DNA vipande vipande na kuigundisha kwenye protini. Kadiri nyama ilivyokaa humo siku nyingi ndivyo vipande vinavyokuwa vifupi. Tupa vikato vya mwanzo vilivyoguswa na hewa, tumia wembe mpya kwa kila sampuli, na safisha mashine ya kukatia kabla ya kuanza.

Kila unapotoa DNA, pitisha pia kichupa kisicho na nyama, chenye kemikali zako tu, kuanzia mwanzo hadi mwisho. Kemikali za maabara zenyewe zinaweza kuwa na DNA ya fangasi, na bila kichupa hicho hutajua. Ongeza pia kipimo cha jeni ya binadamu, kwa mfano ya beta-globini. Ikishindwa kuonekana, basi ama DNA haikutoka au kuna kitu kinachoizuia PCR, na jibu la "hakuna fangasi" halipaswi kutumwa.

6. Chagua sehemu ya kusoma

Hatuisomi DNA yote. Kuna eneo linaloitwa ITS, lililo kati ya jeni za ribosomu, ambalo linabadilika kutoka spishi moja hadi nyingine huku pembeni yake kukiwa na sehemu zinazofanana kwa karibu fangasi zote. Praima, vipande vifupi vya DNA vya kuanzishia PCR, zinashika zile sehemu zinazofanana, na katikati tunasoma tofauti. Mwaka 2012 kundi kubwa la watafiti wa kimataifa lilipendekeza ITS iwe alama rasmi ya utambuzi wa fangasi. Praima zinazotumika zaidi, ITS1 na ITS4, zilichapishwa mwaka 1990 na bado zinafanya kazi.

Kama una fangasi iliyoota, soma ITS nzima, ambayo kwa fangasi nyingi ni kati ya herufi 500 na 700 za DNA. Kama una nyama ya kwenye nta, soma nusu tu, eneo la ITS2 kwa praima ITS3 na ITS4, kwa sababu kipande kifupi kina nafasi kubwa zaidi ya kuwa hakijakatika. Kwa hamira, ongeza eneo la D1/D2 la jeni ya 28S, mojawapo ya jeni za ribosomu.

Yapo makundi ambayo ITS haiyatenganishi. Kwa Aspergillus, tumia jeni ya beta-tubulini au kalmodulini. Kwa Fusarium, tumia jeni ya TEF1. Ripoti ya ITS peke yake inayotaja spishi kamili ya Fusarium inaahidi kitu ambacho haikukiona.

7. Kusoma

Njia ya Sanger, ile ya zamani inayosoma kipande kimoja kwa wakati, inatosha kama fangasi ni moja. Soma pande zote mbili, mbele na nyuma. Kisha fungua grafu ya mawimbi uitazame kwa macho yako. Mawimbi mazuri yanasimama moja moja, kila herufi na rangi yake. Ukiona mawimbi mawili yamepandana pale pale, kutoka mwanzo hadi mwisho, una fangasi mbili au zaidi kwenye kichupa kimoja, na herufi ambazo kompyuta imekuandikia hazina maana. Mchanganyiko wa namna hiyo unahitaji mashine za kizazi kipya zinazosoma kila kipande peke yake.

Mashine hizo si ndoto tena kwa ukanda wetu. Wakati wa UVIKO-19, maabara za Kilifi na Entebbe zilikuwa zikisoma jenomu za kirusi hapa hapa. MinION, mashine ndogo ya kusoma DNA inayoshikika kwa mkono mmoja na kuchomekwa kwenye kompyuta, inaweza kusoma ITS na 28S kwa mkupuo mmoja. Kinachokosekana mara nyingi ni mtu wa kuwapigia simu wenzake wa utafiti na kuuliza kama watapokea sampuli ya mgonjwa.

Thamani ya kusoma haraka ilionekana Marekani mwaka 2012. Wagonjwa waliochomwa sindano za steroidi mgongoni walianza kupata homa ya uti wa mgongo, na chanzo kikawa dawa iliyochafuliwa katika kampuni moja ya kutengeneza dawa. Watu zaidi ya 750 katika majimbo 20 waliugua na zaidi ya 60 wakafa. Kuotesha maji ya uti wa mgongo kulishindwa kwa wagonjwa wengi. PCR na usomaji wa ITS vilionyesha Exserohilum rostratum, fangasi ya majani ambayo karibu hakuna daktari aliyekuwa ameitarajia kwenye uti wa mgongo wa mtu.

8. Kulisoma jibu bila kudanganyika

Tuseme umepunguza ncha zenye kelele, zimebaki herufi 530 safi, umeziweka kwenye BLAST, programu inayozilinganisha na herufi zilizokwisha hifadhiwa. Mstari wa kwanza unasema fangasi isiyooteshwa, mfanano asilimia 100, ila umefunika nusu tu ya herufi zako. Wa pili unasema Emmonsia isiyo na spishi, asilimia 99.8, umefunika zote. Wa tatu unasema Emergomyces africanus, asilimia 99.6, umefunika zote, na unatoka kwenye kielelezo rasmi kilichotumika kuieleza spishi hiyo.

Mstari wa kuuamini ni wa tatu. Wa kwanza hauna jina la kushika. Wa pili kuna uwezekano mkubwa ni kitu hicho hicho, kilichowekwa kabla jina halijabadilishwa mwaka 2017. Angalia mambo manne kila mara: umefunika kiasi gani, mfanano ni asilimia ngapi, nani aliyeweka herufi hizo, na jina linalofuata liko mbali kiasi gani. Majina mawili tofauti yakiwa na asilimia ile ile, andika jenasi na uishie hapo. Mimi huanza kulizungumzia jina la spishi kuanzia asilimia 99. Kati ya 95 na 98 naandika jenasi tu au "ndugu wa".

GenBank, hazina ya umma ya mifuatano ya DNA ambamo BLAST hutafuta, iko wazi kwa kila mtu, na hilo ndilo linaloifanya iwe na makosa. Uchambuzi wa mwaka 2006 ulikadiria kwamba hadi mfuatano 1 kati ya 5 wa fangasi humo huenda una jina lisilo sahihi. Rudia utafutaji kwenye kanzidata ya ISHAM, iliyojengwa kwa ajili ya fangasi zinazougusa mwili wa binadamu, na kwenye UNITE, kanzidata ya ITS za fangasi.

Halafu rudi kwenye maelezo ya hadubini na ya fomu. Malassezia kutoka kwenye ngozi, Cladosporium na Penicillium kutoka hewani, Saccharomyces kutoka kwenye kemikali: majina haya yakitokea, chukulia kwanza kwamba ni uchafu hadi mgonjwa mwenyewe akulazimishe kuamini vinginevyo.

9. Jina na dawa

Mgonjwa aliye mahututi hasubiri mashine. Akiwa na VVU, vipele mwili mzima na hamira ndani ya nyama, amfoterisini B inaanza leo. Jina linapofika, linaelekeza hatua inayofuata.

Kundi la Mucorales, zile fangasi za nyuzi pana, halisikii dawa ya vorikonazoli. Dawa za kundi la ekinokandini hazifanyi kazi kwa kriptokokasi, kwa Fusarium wala kwa Mucorales. Lomentospora prolificans inakataa karibu dawa zote, na daktari anahitaji kulijua hilo mapema ili afikirie upasuaji. Kwenye mycetoma, Madurella fahalii haiathiriwi na itrakonazoli kama inavyoathiriwa Madurella mycetomatis, ingawa punje zote ni nyeusi.

Kwa Emergomyces, amfoterisini B inafuatwa na itrakonazoli kwa mwaka mzima, pamoja na ARV. Na hapa kuna mtego unaoua: wagonjwa wengi hawa wako kwenye dawa za TB, na rifampisini inaishusha itrakonazoli kwenye damu hadi inakuwa kama haijamezwa. Jina la fangasi likishathibitishwa na TB haijawahi kuonekana, rudi kwa timu ya TB mjadili kama dozi ziendelee. Kama TB ipo kweli, mpango wa dawa ubadilishwe kabla mgonjwa hajaruhusiwa.

Jina halikwambii fangasi ya mgonjwa huyu inasikia dawa kwa kiwango gani. Kama imeota, ipimwe dhidi ya dawa, kisha ihifadhiwe kwenye gliseroli kwa nyuzi 80 chini ya sifuri.

10. Usilifungie jibu kwenye droo

Mfuatano ukishathibitishwa, uweke GenBank ukiwa na nchi, aina ya nyama iliyotumika, mwaka, na ulichoona kwenye hadubini. Ondoa jina, namba ya faili na kijiji cha mgonjwa. Kama ulitumia njia inayosoma DNA yote kwenye sampuli, futa herufi za binadamu kabla ya kupakia chochote, kwa kuwa hizo ni za mgonjwa na familia yake. Mpelekee mwanapatholojia aliyeandika ile ripoti ya kwanza nakala ya jibu, ili airudie slaidi yake akiwa analijua jina.